Mifuko Mia ya Sementi Isiyo na Karatasi

Jumanne. Mvua tangu alfajiri.

Kwa wiki tatu faili ya kupeleka tribunali, yaani mahakamani, imelala mezani kwangu. Duka langu la vifaa vya ujenzi limekufa: wateja wa Uvira hawaji tena, na mkopo wa benki unazidi kuvimba. Mwanasheria anasema nikijitangaza kuwa nimefilisika, wadai watazuiwa kunigongea mlango. Wataandikwa kwenye orodha, benki mbele, wengine nyuma, wagawane kitakachopatikana. Nami nashindwa kutia sahihi, maana jina lililo juu ya duka ni la marehemu baba.

Leo nimezidisha mabaya, na kosa ni langu mwenyewe.

Asubuhi tumemzika Papa Ramazani, rafiki yangu aliyekuwa akinikopesha sementi ya kiwanda cha Kabimba. Hatukuwahi kuandikiana hata karatasi moja. Mifuko mia ya mwisho sijailipa, na tulijua mimi na yeye tu. Kabla ya kumswalia, mwanawe alisimama, kama ilivyo desturi yetu, akaomba anayemdai baba yake aseme, na anayedaiwa naye aseme.

Nilinyamaza.

Nilitazama viatu vyangu. Naona aibu kuandika nilichowaza: hana karatasi, basi hatakuwa kwenye orodha, basi mzigo umepungua. Kwa muda wa takbira moja nilifurahi kwamba rafiki yangu amekufa.

Alasiri nikabeba faili kwapani, nikarudi msibani. Mjane, Mama Zaituni, yuko eda, kwa hiyo tuliongea pazia likiwa katikati, mwanawe kaketi pembeni. Nikasema yote: mifuko, tribunali, na jinsi nilivyonyamaza asubuhi. Nilitamani anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo.

Sauti yake ikatoka nyuma ya pazia.

“Papa Idi, kama utaenda kwa tribunali, na miye uniandike. Hata nyuma ya benki. Nisikose kabisa.”

Nikamweleza kwamba huenda akapata kidogo sana, tena baada ya miaka. Akajibu kwamba kidogo hicho ni minerval, yaani karo, ya mutoto mumoja shuleni, na watoto wake wako wane.

Nikafungua faili kwenye orodha ya wadai. Nikamuuliza niandike jina gani, nikidhani atataja la mumewe. Akataja lake, lote, polepole, akingoja nimalize kila neno kabla ya kutaja linalofuata.

Nikaandika. Kisha palepale, juu ya goti, nikatia sahihi yangu chini ya jina lake.

Bado naogopa. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa tribunali.