Wiki Mbili Kabla ya Toleo la Saba

Jumatatu, 9 Juni

Tarehe imetoka! Toleo la Saba la programu linaingia kwenye magari yetu yote yanayojiendesha Jumatatu ya tarehe 23. Meneja Kang ametutangazia akiwa amesimama juu ya kiti, utadhani mkewe kajifungua pacha. Eti sasa gari litakuwa na akili ya dereva mwenye uzoefu wa miaka ishirini. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga — mjinga mimi! — kabla sijasikia la pili. Likishaingia hilo Toleo, wasimamizi hatutakiwi tena. Gari litatembea na abiria peke yao.

Kila gari lina wasimamizi wawili, wa asubuhi na wa mchana. Mmoja atapandishwa ghorofa ya nne, chumba cha skrini, aangalie magari kumi kwa mpigo huku anapigwa na kiyoyozi. Mwenzake nyumbani. Anayepanda ni yule aliyeushika usukani mara chache zaidi tangu Mei ianze. Mkifungana, anapanda mwenye umri mdogo.

Gari letu namba 37. Mimi nimeshika mara tatu. Tao Yinlian naye mara tatu. Mimi miaka arobaini na saba, yeye thelathini na moja. Haya basi.

Nimeendesha teksi Wuhan hii miaka kumi na sita. Nikikosa hapa nani ataniajiri — wachimba makaburi?

Jumatano, 11 Juni

Chafya! Chafya imeniponza mimi!

Nimepiga chafya, goti likagonga usukani, gari likahesabu nimeshika. Na ukishika lazima useme sababu kwa sauti, inarekodiwa. Ningesema nini? "Nimeshika. Sababu, chafya." Abiria wangu, mama mmoja aliyekuwa anatafuna shingo za bata, akacheka mpaka akapaliwa. Afadhali.

Nimempigia Meneja. Anasema mfumo haujui chafya, unajua nguvu tu. Sasa nne kwa tatu.

Yinlian alipokuja kupokea zamu akanipa pole. "Mwalimu, hiyo si haki, mimi ningewaandikia barua." Ananiita Mwalimu kwa kuwa ndiye niliyemwingiza kazini, nikamfundisha kila kitu, mpaka kukalia mikono. Viganja chini ya mapaja, visije vikaurukia usukani vyenyewe. Ni marufuku, na sote tunafanya. Shukrani ya punda ni mateke, wanasema. Huyu hata teke hapigi. Anatabasamu tu! Ndiyo maana simpendi.

Ameniletea tambi za ufuta. Nimezila.

Ijumaa, 13 Juni

Mvua tangu alfajiri. Nimeona kitu leo.

Lango la soko, huku kwetu Hanyang. Mzee Pang, yule muuza mizizi ya yungiyungi, alikuwa anavusha mkokoteni wake. Ameufunika kwa bati jipya linalong'aa, limelala mshazari upande wa barabara. Kwenye skrini kila mtu huonekana kama kisanduku cha buluu. Yeye hakuna! Barabara tupu! Bati lilikuwa linaakisi lami iliyolowa, na Zuzu — ndivyo madereva wa teksi wanavyoliita gari letu, na wana haki — Zuzu akaona lami, akaenda.

Mzee mwenyewe ndiye aliyeuvuta mkokoteni nyuma. Akamtukana mama yangu na bibi yangu. Nami? Nilikuwa nimekalia mikono. Sikushika. Baadaye vidole vilikufa ganzi kabisa.

Nikamwambia Meneja kwa simu. "Inajulikana hiyo, Dada Ruan. Imo kwenye Toleo la Saba." Akakata.

Tuna daftari la zamu. Ukiona mahali pabaya unaandika, mwenzako ajihadhari. Wiki ijayo tunabadilishana, Yinlian asubuhi, na Mzee Pang huuza asubuhi tu. Wametabiri mvua wiki nzima.

Nimeandika, "Hakuna la kuripoti." Mwandiko mzuri kabisa.

Jumatatu, 16 Juni

Nne kwa nne!

Ameshika palepale langoni. Nilimkuta kwenye maegesho, midomo imemkauka. "Mwalimu, gari halikumwona mzee wa watu! Hujawahi kukutana na hilo wewe?" Nikamwambia sijawahi. Nikamwambia pia labda kazi hii inataka moyo mgumu kidogo. Akasema labda.

Bado moja tu. Mara moja tu ashike tena.

Jumanne, 17 Juni

Kikao. Meneja Kang ametuchezea rekodi za wiki, kama kawaida yake. Yangu ya chafya ilianza. Ukumbi mzima hoi. Mtu nyuma akasema mpeni mama kitambaa. Nilitamani sakafu inimeze.

Kisha ya Yinlian. "Nimeshika! Mzee! Mzee! Jamani mzee!" — na kilio. Kilio kabisa, cha kitoto. Nikacheka mimi wa kwanza, kwa nguvu, ili chafya isahaulike. Nikamwigiza. "Jamani mzeeee!" Basi wakaacha kunicheka mimi, wakahamia kwake. Mchana kutwa kwenye kituo cha kuchajia magari wanamwita hivyo, Jamani Mzee.

Alikaa mwisho wa meza, anamenya yai lililochemshwa kwa chai, haliishi kumenywa. Akaniambia taratibu kwamba ana binti wa miaka sita, yuko kijijini na bibi yake. Akipata ghorofa ya nne atamleta mjini Septemba, aanze darasa la kwanza. Akaniuliza, "Mwalimu, nifanyeje nisishike?"

Nikamwambia, kalia mikono. Kalia kwa nguvu.

Jumatano, 18 Juni

Huyu mwanamke ataniua.

Leo mvua ilimwagika, nikajua kwisha kazi, tano kwa nne. Nafika maegesho — hajashika! Anang'aa kama kaokota dhahabu. Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya zamu, kaenda sokoni na shuka jekundu. La harusi yake! Harusi yenyewe ilishavunjika, shuka alilitunza. Amemfunikia Mzee Pang lile bati, akalifunga kwa kamba. Zuzu akapita, kisanduku cha buluu kikatokea, gari likasimama lenyewe mita nne mbali, kwa adabu zote.

Na ameandika kwenye daftari la zamu. "Lango la soko: bati la Mzee Pang halionekani kwenye mvua. Nimelifunika shuka. Tafadhali Mwalimu, ukipita pale mkumbushe asilivue."

Mkumbushe! Mimi!

Zimebaki siku mbili, hesabu inafungwa Ijumaa. Nne kwa nne, na yeye ndiye mdogo. Yaani kwa shuka tu, miaka yangu yote kumi na sita barabarani inakwenda na maji. Nimetupa kikombe ukutani. Kilikuwa changu.

Alhamisi, 19 Juni

Nimekwenda sokoni kabla ya zamu yangu. Nimeongea na Mzee Pang, dakika mbili.

Nikamwambia, mzee wangu, mgambo wa jiji wanapita kesho. Mkokoteni wenye matambara wanauchukua.

"Hata shuka zuri kama hili?"

Hilo hasa, nikasema. Linachafua sura ya mji.

Akaguna. Akalifungua, akalikunja kwa uangalifu, pembe kwa pembe, akanikabidhi. "Mrudishie yule binti. Mwambie nimeshukuru sana."

Sitaki mtu aumie. Naandika hapa ili nijue mwenyewe. Nataka ashike tu! Ana macho, ana breki, gari haliendi hata kilomita ishirini kwa saa pale. Kushika ndiyo kazi anayolipwa. Mtu anayefanya kazi yake hapati madhara yoyote.

Ijumaa, 20 Juni

Niko hospitali. Kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji mdogo. Yinlian yuko pembeni yangu, bega kwa bega. Anadhani naandika maelezo ya shahidi. Acha adhani.

Nilikwenda kutazama, ndiyo. Nilisimama na mwavuli karibu na muuza tofu. Nilitaka nimwone akishika, nihakikishe. Mvua nyembamba. Mzee Pang akaanza kuvusha, bati linang'aa wazi. Namba 37 ikatokea kwenye kona. Namwona Yinlian, amenyooka, mabega juu — mikono kaikalia, kama nilivyomfundisha. Anatafuta kitu chekundu, naye akiona chekundu ndipo ajue mzee yupo. Shika, nikasema moyoni. Shika sasa!

Akaniona mimi. Akanitabasamia. Akainamisha kichwa kunisalimu, jinsi anavyonisalimu kila siku.

Akashika. Amechelewa. Gari liliugonga mkokoteni, ukambana mzee kwenye nguzo ya lango.

Nilipiga kelele? Sijui. Muuza tofu anasema nilisema "bado". Mimi sikumbuki kusema hivyo.

Mguu umevunjika mahali pawili, na nyonga. Atapona, wanasema, ila mkokoteni asahau. Yinlian analia bila sauti. Ameniuliza mara tatu. "Mwalimu, shuka lilikuwa wapi? Jana asubuhi lilikuwepo. Nani kalivua?" Nikamwambia labda upepo. Akasema alilifunga kwa mafundo mawili. Nikamwambia mvua inalegeza mafundo.

Shuka limo kwenye mkoba wangu. Nimeupakata, daftari hili nimeliweka juu yake.

Saa nne na nusu — ujumbe wa Meneja Kang. "Hongera Dada Ruan. 37 imefungwa tano kwa nne. Jumatatu ghorofa ya nne, njoo na picha mbili za pasipoti. Toleo haliahirishwi. Tukio la leo limeandikwa: limerekebishwa katika Toleo la Saba."

Nimesoma mara mbili. Nilitaka kufurahi. Nimefurahi! Kidogo. Nafsi ni kitu kibaya jamani.

Yinlian amechungulia simu yangu, akaona hongera. Akanishika mkono. "Angalau wewe, Mwalimu. Angalau mmoja wetu." Mkono wake wa baridi. Anasema trafiki wakija nitakuwa shahidi wake, nitawaambia kwamba bati lilikuwa limefunikwa tangu juzi, kwamba hakuwa mzembe. Anasema hana mtu mwingine mjini hapa isipokuwa mimi.

Sasa hivi mlango umefunguka. Nesi ametoka, kibarakoa kidevuni. Mzee ameamka, anaongea vizuri, ila hatulii. Anaulizia yule mama aliyemwambia jana habari za mgambo. Ana wasiwasi wasije wakachukua mkokoteni wake akiwa humu ndani. Nesi anatuangalia sisi wawili. Ni nani kati yenu?

Yinlian ameuachia mkono wangu.

"Mgambo gani, Mwalimu?"

Nimemwambia asubiri, namalizia kuandika.