Jeshi Lako Lililostaafu, Mama

Mpendwa mama,

Ni mimi kitinda mimba wako, yule uliyesema alizaliwa mdomo ukitangulia.

Unakumbuka yale malengelenge, mwanzoni mwa miaka ya tisini, yalivyokuzunguka ubavu kama mshipi wa moto? Kiritiri yetu nzima ilikata kesi: mkanda wa jeshi ni ukimwi, basi. Wewe, mjane mwenye wajukuu! Nikakupeleka hospitali ya Embu. Vipimo vikawa safi. Daktari akasema ni tetekuwanga ya utotoni, iliyolala mwilini miaka yote ikizuiwa na askari wa damu waitwao seli T. Mtu akizeeka, kiungo kidogo nyuma ya mfupa wa kifua, kinachofunza makurutu, hunywea. Askari wapya huwa wachache, wakongwe huchoka, na ugonjwa uliolala huamka.

"Kumbe jeshi langu limestaafu na mimi bado nalima," ukacheka, umeshika ubavu. Tukitoka ukaniambia, "Njiru, waelezee akina mama wa kanisa. Nataka tu wale chakula changu tena."

Niliwaeleza Jumapili iliyofuata. Lakini ni mimi, mama. Dereva wa lori, niliyeishia darasa la sita, niliyefika Kampala na Kigali, na niliyekuwa nimeshawaapia watu haohao kwamba nilicheza karata na jenerali wa Zaire. Nikapanua kifua, nikaongeza kwamba daktari alinipa hadubini nimsaidie kuzihesabu hizo seli. Wakacheka. Mama Wanjira, rafiki yako tangu usichana, akasema, "Njiru na hadithi zake. Hata ukimwi anauvalisha koti."

Ukweli wako niliutia gunia moja na uongo wangu. Ngozi yako ilipona, lakini kanisani uliketi peke yako mpaka ulipotuacha.

Mwezi uliopita Mama Wanjira alinijia, anatembea kwa upande. Malengelenge, ubavu mmoja. "Kijana wangu, zile seli zako zilikuwa za kweli?"

Nikamweleza polepole, bila jenerali, bila hadubini. Alisikiliza mpaka mwisho, akalia. Kisha akaniuliza, "Mbona siku ile hukutuambia hivi?"

Nilimpeleka Embu kwa lori langu. Safari zangu zote, mama, ningezitoa ili Jumapili ile niwe mtu wa kuaminika, hata kwa dakika tano tu.

Pumzika.

Mwanao wa mwisho, anayejifunza kusema kidogo