Pindo la Sanda

Ewe Pilipili, dada yangu, uko?

Nakwamkia kwa mikono miwili, na hapo hapo nakuuliza: mzima? Mama kifua kimempoa, au bado anakohoa alfajiri? Na paa la jikoni, mvua zimelibakisha? Nijibu yote, usiniambie "hatujambo" ukanyamaza. Mimi ukiuliza watu wa mtaa huu wa Mahabibo watakwambia Halidi mzima, anakula, anatembea, anashona. Lakini Pili, siko sawa. Naandika mbiombio kabla sijaona haya nikaichana hii karatasi.

Na naandika Kiswahili cha bibi makusudi. Humu kwa Mjomba barua ni ya nyumba nzima, na Kibuki cha wenyeji na Kifaransa wanavisoma. Hiki wanakisikia tu, kusoma hawawezi.

Kazi ipo. Ipo mpaka inatisha! Tangu bendera mpya ipandishwe, Mahajanga nzima inataka sare. Vijana wa chama wanataka, wapiga ngoma wanataka, wahudumu wa hoteli kule Amborovy wanataka, na wote wanataka kwangu kwa sababu nina mkono mwepesi. Mimi, niliyejifunza kwa kufumua kanzu ya marehemu baba na kuirudisha, na wewe unanizomea! Sasa naitwa Fundi. Mwanzoni nilikuwa naruka kwa furaha. Mtu akigonga, nasema lete. Mwingine naye, lete. Na hapana ningeisemaje, Pili? Kila anayeingia ni mtoto wa shangazi, au mkwe wa Mjomba, au mtu wa mji mmoja na babu huko Ngazidja.

Kwanza niliacha kuimba kwenye mashine. Si kwamba nilitaka kuacha, nilistuka tu siku moja, kumbe kuko kimya. Halafu chakula. Mama Zaliha, mke wa Mjomba, kapika pweza wa nazi, unajua mimi na pweza, nikatafuna kama natafuna pamba. Nalala, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Napima mtu kifua, kabla sijashika chaki namba imeshatoka kichwani, napima tena. Mteja mmoja akacheka, "Fundi, unanipima au unanipapasa?" Zamani ningemrudishia tukacheka wote. Siku ile nilimtupia utepe usoni. Mimi huyu! Na mlango ukigongwa, moyo unanienda mbio kama mwizi kasikia filimbi.

Nikajiambia ni joto. Mama Zaliha akasema ni kijicho cha watu, akanifukiza ubani mpaka nikakohoa. Mjomba nilipomwambia nimechoka, alinikodolea macho.

"Umechoka? Mashine imekaa, wewe umekaa, mguu tu ndio unacheza. Kilichochoka hapo ni nini?"

Akapata la kuchekeshea wateja.

Sasa sikiliza. Juzi juzi alikufa mzee mmoja wa mtaa wa Tsaramandroso, mtu tunayeswali naye. Mwanawe akaja na bafta nikate sanda. "Haraka Fundi, maji ya kumkoshea yako tayari," akaenda kuita watu. Nikaitandika ile bafta, nikashika mkasi. Baada ya hapo, wallahi, mikono ilikwenda peke yake. Mimi nilikuwa nafikiria mashati ya wapiga ngoma. Aliporudi nikamkabidhi, tena kwa adabu, imekunjwa vizuri.

Akaifungua mbele ya watu. Ilikuwa na shingo, Pili. Nimeitoboa shingo, nimeikata mikono, na chini nimepiga pindo. Sanda! Kitu ambacho hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua hakishonwi, hakipigwi pindo, mtu anavikwa kitambaa kitupu akaende zake.

Halafu sauti ikatoka nyuma: "Kwani mzee anakwenda arusini?" Mtu akaanza kucheka, akakimeza kicheko. Yule mwana hakunitukana. Ingekuwa nafuu angenitukana. Alinitazama, akaniuliza taratibu, "Fundi, baba yangu alikukosea nini?"

Mjomba alikamata bafta iliyobaki, akaichana mwenyewe kwa mikono huku anaomba radhi, na mimi nimesimama na mkasi wangu kama mgeni.

Hasira za Mjomba ziliisha jioni ile ile. Sasa anasema, "Bahati yetu hukumtilia mfuko." Kwake imepita. Wateja nao hawakupungua, labda wanaona kwa walio hai bado nashona vizuri. Anayeogopa ni mimi peke yangu, na nitakwambia kwa nini, maana wewe ulikuwepo.

Kaka Musa. Mkumbuke alivyokuwa kwenye mitambo ya kupikia mafuta ya maua ya ilangilangi hapo Nosibe, sifa zake, hakuna moto uliozimika mkononi mwake. Kwanza aliacha kumtania Mama. Halafu siku ile alipokunywa chai iliyotiwa chumvi kwa bahati mbaya, akaimaliza, asijue. Tukasema ah, mtu mzima, kawa mzito. Tukamsifu hata! Mpaka asubuhi aliyokaa barazani akashindwa kuinuka kwenda kazini. Homa hana, kidonda hana. Masika nzima anatazama ukuta, na wewe unamlisha kwa mkono wako. Mpaka leo akicheka tunatazamana kuhakikisha tumesikia wote. Pili, mwisho wake tuliuona. Mwanzo wake hakuna aliyeutazama. Na mimi naona kama ndio huu wangu.

Na hapa ndipo ninapobanwa. Zaliha, binti wa Mjomba, anaolewa, ile arusi kubwa ya ada ya Kingazidja, ukoo mzima kitambaa kimoja. Mabunda yamefika, yamepangwa chumbani kwangu mpaka dirisha limezibika. Unajua mila: nguo za arusi ya nyumba zinashonwa ndani ya nyumba, zikitoka kwa fundi wa nje ni aibu ya kusimuliwa. Mjomba keshawatangazia watu msikitini kwamba fundi ni mpwa wake. Mwezi ukiandama naanza kupima. Nikikataa nimemvua nguo yeye aliyenipokea, na sidhani nitarudi tena kukaa kwake. Nikikubali, navitazama vitambaa hivi naiona ile sanda tu.

Baharia anayekuletea barua hii anarudi huku kabla mwezi haujaandama, na safari ya pili ya kuja Nosibe kaniahidi nafasi chomboni, nikitaka. Mpe jibu mkononi mwake.

Nisalimie Mama, umbusu mikono, usimsomee haya. Nisalimie mwalimu wetu wa chuo, na shangazi muuza vitumbua, mwambie hapa hawajui kuvichoma. Watoto wako wabane mashavu. Na Kaka Musa, kaa naye pembeni, umuulize polepole: ilipoanza, alijua? Angetaka nani amwambie acha?

Wewe ndiye uliyemlisha, unajua ninachokiogopa. Ungekuwa ni wewe hapa, dada, mabunda haya mbele yako na Mjomba anapiga hodi mlangoni, ungefanyaje?

Mdogo wako anayekupenda,
Halidi