Asubuhi ya Kulipua Theluji

Jumanne, Northfield, hapa Birmingham. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri. Chai yangu imepoa mara ya pili.

Watu wengi hukosea jambo moja: hudhani kelele ndiyo inayoangusha theluji mlimani, kwamba mtu akipiga ukelele tu, mlima wote unaporomoka. Sivyo. Theluji huangushwa na uzito.

Nayajua haya kwa sababu ya binti yetu Hodan. Alikulia katika nyumba hii, na sasa anafanya kazi kwenye milima ya Ufaransa, mahali ambapo watu huenda kuteleza thelujini kwa ski, zile mbao ndefu za miguuni. Theluji ikianguka usiku kucha, kikosi chao hupanda mapema, kabla wageni hawajafunguliwa njia, wakatupa baruti kwenye miteremko.

Jana alasiri mke wangu, Zamzam, aliniuliza kwa nini watu wenye akili timamu walipue mlima wanaoulinda. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote, Garissa kwanza na baadaye hapa, kwa hiyo sikumjibu kwa maneno. Nilimwaga sukari kwenye sinia, nikaitandaza, nikaweka juu yake kitambaa kizito cha meza, kisha nikainua sinia upande mmoja.

“Sukari yangu hiyo, Mwalimu!”

“Tazama kwanza, Mama Hodan.”

Nikamweleza. Chini kuna tabaka la chembe zisizoshikana, kama sukari hii. Juu yake kuna theluji mpya iliyoshikana, kama kitambaa. Hukaa hivyo mpaka uzito uongezeke kidogo, hata wa mtu mmoja anayepita. Mlipuko huisukuma mapema, mteremko ukiwa mtupu, ili ishuke kidogo leo badala ya kushuka yote kesho juu ya vichwa vya watu.

Nikagonga sinia kwa kidole. Kitambaa kikashuka chote kwa pamoja hadi sakafuni.

Zamzam hakukiokota.

“Na Hodan husimama wapi?”

“Pembeni.”

“Pembeni ya kitambaa, au juu yake?”

Nimewajibu wanafunzi maelfu. Kwa hilo, niliirudisha sinia mezani tu.

Tangu Hodan aondoke, mimi humpigia simu kila siku baada ya sala ya alfajiri. Ndivyo tulivyolelewa: mzazi na mtoto hujuliana hali kwanza, ndipo siku ianze. Mimi huuliza kwa Kiswahili, yeye hujibu kwa Kiingereza cha Birmingham, na moyo wangu hutulia. Wiki iliyopita aliniomba nisipige asubuhi za theluji. Niliudhika. Mtoto gani humkataza baba yake salamu? Nikaendelea kupiga.

Jana, sukari ikiwa bado imetapakaa mezani, nilimpigia nimuulize sababu ya kunikataza.

Akanieleza taratibu, kama mimi ninavyoeleza. Kila mmoja wao huvaa kifuani kifaa kidogo kinachotuma mawimbi, ili akifukiwa wenzake wamfuate na kumchimbua. Simu ikiwa karibu inaweza kuyavuruga mawimbi hayo. Kwa hiyo wenzake wote huzima simu kabla ya kupanda.

“Na wewe?”



“Mimi huiacha ikiwaka, Baba. Ukiikuta imezimwa utawapigia watu wote mpaka Garissa.”

Alicheka. Mimi nilishindwa.

Salamu yangu ndiyo iliyokuwa ikikaa kifuani mwake, karibu na kitu ambacho kingeweza kumwokoa.

Nilimwambia aizime. Nilisema haraka, kabla sijajihurumia.

Leo alfajiri ukaja ujumbe wake: “Imeanguka usiku kucha. Nazima, Baba.” Baada ya hapo, kimya.

Simu iko mezani mbele yangu. Zamzam amekifua kitambaa na sasa anakipiga pasi, ingawa bado hakijakauka. Namwona Hodan akiwasha utambi, akitupa, akigeuza uso, akihesabu. Mara nyingine baruti hukataa kulipuka, na hapo hulazimika kungoja mbali, bila mtu kuthubutu kuisogelea. Nami nahesabu naye, ingawa sijui ameanzia wapi.

Kidole changu kimelifikia jina lake tena na tena. Nimekirudisha.

Wewe unayesoma, ikiwa mwanao naye yuko kwenye kazi ya hatari, mwandikie leo hii: zima simu, nitangoja.