Firigisi ya Mgeni

Mlandege, Iringa

Kamwene, Mama Zuhura! Ndiyo salamu ya huku kwenye baridi.

Yule mnyoo wa baharini niliyembeba kwenye chupa ya jemu, niwaonyeshe wanafunzi jinsi ute wake unavyopoozesha kaa, hakufika chuoni. Asubuhi jogoo wa mwenyeji wangu, Mama Kalinga, aliangusha chupa, akammeza, akapepesuka hatua tatu na kulala chali.

"Ndugu mgeni, chinja upesi, asije akawa kibudu!" Mama Kalinga akapiga kelele. Nikachinja, kisha nikamweleza habari za sumu. Akacheka. "Kuku wangu wanakula siafu, itakuwa mnyoo?"

Mchana nikaandaliwa, na unajua mgeni wa heshima hupewa nini: firigisi. Maji ya huku ni barafu, wameiosha juujuu tu. Nyumba nzima ikasimama kunitazama. Nikala.

Tangu saa nane ulimi na midomo imekufa ganzi. Wananisifu kwamba hawajapata kuona mtu wa Tanga mkimya namna hii. Nawe usifurahi sana!

Nibusie Zuhura, midomo yangu haisikii kitu. Kesho naenda chuoni vilevile. Mnyoo hayupo, lakini mimi nipo.

Mumeo