Karatasi za Wifi Kwenye Meza ya Pasi

Kosa tunalolifanya wengi ni kumkana mtu mbele za watu, kisha kwenda kumshukuru pembeni, tukidhani tumemaliza. Someni kwanza barua ya dada huyu anayefua na kupiga pasi hotelini, halafu tuzungumze.

*Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi, maana nimekaa na jambo hili wiki nzima na pasi imeshaniunguza mara mbili kwa mawazo. Mimi ni dobi wa hoteli, huu mwaka wa kumi na moja, na wifi yangu, mdogo wa mume wangu, yuko mapokezi hotelini hapo hapo, na tangu niolewe hatukuwa tukiiva chungu kimoja kwa sababu aliwahi kuniita Mama Povu mbele ya ukoo mzima na jina likaniganda mpaka leo. Sasa mwaka jana mgeni mmoja alinisemesha Kiingereza nikabaki nimemkodolea macho, wifi akaona, hakucheka, na kesho yake asubuhi nikakuta kikaratasi kimebandikwa kwenye pasi, nyuma ya tiketi ya nguo, kimeandikwa neno "get" na chini yake kwamba hapa maana yake ni kupata moto, siku ya pili kingine kwenye kapu la mashuka, neno lile lile ila sasa maana yake ni kuleta, kingine mlangoni, hapo ni kutoka, kingine kwenye kioo, hapo ni kuelewa, la mtu anayesema sijaelewa, nikamwuliza, "Wifi, wenye lugha hii waliishiwa maneno?" akanijibu, "Hawakuishiwa, ila hili wamelitwisha kazi zote kama mimi na wewe," tukacheka, na hiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza kucheka pamoja.*

*Vikaratasi vimefika sitini na vitatu, vyote ninavyo kwenye bati la biskuti, na vimenitoa mbali, mgeni akisema naitika na kumjibu, mpaka Ijumaa iliyopita meneja akaja chumba cha kufulia akatangaza kwamba ananipandisha niwe msimamizi wa vyumba, akaniuliza mbele ya wenzangu wanne, "Kiingereza hiki kakufundisha nani?" nami, sijui nilipatwa na nini, nikasema, "Nimejifundisha mwenyewe, kwa kamusi," na nilipogeuka wifi yupo mlangoni na mfuko wa nguo za wageni. Akasema, "Kumbe." Akauweka mfuko chini, akaondoka.*

*Tangu siku ile hakuna karatasi. Ananisalimia vizuri, na hicho ndicho kinachoniumiza. Nimemnunulia viatu, akavipokea kwa mikono miwili, akauliza, "Ahsante wifi, hivi ni vya nini?" nikasema ni zawadi tu. Mume wangu ananiambia niache, yatapita. Mshauri, mtu huyu amenipa ulimi, nami nimeshindwa kulitaja jina lake. Nifanyeje nisimpoteze?*

*Mama Povu*

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa cheo, umekitolea jasho. Lakini ulikosea, na unajua ulikosea, kwa hiyo sitakuzungusha.

Nimefundisha lugha miaka mingi, na nakuhakikishia kwamba neno dogo kama hilo ndilo linalowashinda wanafunzi. Mtu hufungua kamusi, akakuta safu ndefu ya maana, akazikariri zote, na kesho hakumbuki hata moja. Neno la namna hiyo lazima ulikute kazini. Hata sisi tunalo letu: unapiga pasi, unapiga simu, unapiga hodi, unapiga magoti, na hakuna aliyewahi kukukalisha kitako akueleze kwamba hapo hapana ugomvi. Kila moja ulilikuta mahali pake. Wifi yako aligundua jambo hilo bila kwenda chuo cha ualimu. Hakukupa daftari ukariri. Alibandika "kupata moto" kwenye pasi na "kutoka" mlangoni.

Na maana zote hizo alizipata wapi? Hebu fikiri. Alisimama mapokezi kutwa nzima, akipokea mizigo na malalamiko ya watu, na sikio moja akakuwekea wewe. Kila karatasi ni siku moja aliyokukumbuka akiwa kwenye shughuli zake. Nionyeshe kamusi inayofanya hivyo.

Unasema aliwahi kukuaibisha mbele ya ukoo. Ni kweli, na lilikuwa kosa. Kwa maoni yangu, karatasi zile ndizo radhi aliyokuwa akikuomba, maana kuna watu ambao neno samahani haliwatoki mdomoni mpaka wapate kitu cha kufanya kwa mikono. Nawe naona ulishamsamehe, kwani barua hii umeitia sahihi kwa jina lile lile. Halafu ukamrudishia aibu ile ile, mbele ya watu.

Viatu avivae, vitamfaa. Lakini alipokuuliza ni vya nini alikuwa anakufungulia mlango, ukaufunga. Na mumeo anaposema yatapita, ni kweli yatapita, ila na wifi naye atapita nayo, na utabaki na salamu nzuri kila asubuhi.

Najua unaogopa meneja atakuona mwongo. Akuone. Anataka msimamizi anayewaelewa wageni, na kuelewa unaelewa. Wale wenzako wanne sasa watakuwa chini yako, na wana haki ya kujua kama mkubwa wao akisaidiwa husema. Hutahitaji hotuba wala machozi.

Leo, kabla hujawasha pasi, mwombe meneja aje chumba cha kufulia, mwite na wifi yako, fungua bati la biskuti mezani mbele ya wale wanne, na useme, "Huyu ndiye aliyenifundisha."