Siku ya Kushindwa Kiki

Kaka yangu,

Huku sote wazima, na paka amezaa ndani ya kabati lako la nguo. Ile pikipiki uliyomletea baba imefika salama. Kweli ni ya safari ndefu: ina kioo cha kukinga upepo, ramani inayong'aa na kitufe cha kuwashia. Baba aliizunguka kama anayekagua mkwe, akasema, "Hii hainihitaji mimi." Akaifunika shuka.

Kwa hiyo safari ya mpakani na wenzake anataka kwenda na lile dude lake la zamani, la kupiga kiki. Unakumbuka alivyotuapia: "Siku nitakayoshindwa kuliwasha kwa mguu wangu, nitawapa funguo mwenyewe." Kwenye simu sikukuambia kwamba goti lake limevimba, na juzi alianguka bafuni. Alinikataza.

Nakuandikia huku yuko uani tangu tulipomaliza chai. Anapiga kiki, linakohoa, linazima. Anapiga tena. Wenzake wanampigia honi barabarani. Mama amefunga dirisha ili asisikie.

Sasa kumekuwa kimya. Nilidhani analeta funguo, kumbe kasogea mlangoni, ananiita kwa sauti ya chini: "Mwanangu, njoo unipigie mara moja tu, watu wasione."

Kaka, mguu huu nimeurithi kwake. Nikipiga, litawaka.

Ni mimi mdogo wako, naiweka kalamu.